Corona iliisha, mbona mtaa wetu haujainuka tena?

MwenyeDuka_Likoni

Habari zenu wote humu. Nna swali linanisumbua kitambo na nataka nijibiwe na watu waliopitia wenyewe. Mimi nna duka la rejareja Likoni, vitu vya kupima tu, unga, mafuta, sukari robo, sabuni kipande, niko hapo tangu 2013. Juzi nlikuwa nasafisha stoo nkakuta daftari la madeni la 2020, nkakaa juu ya gunia nkalisoma lote mpaka chai ikapoa.

Kurasa za Januari na Februari zimejaa mistari, maana mtu akilipa nampigia mstari basi yameisha. Kuanzia mwisho wa Machi mistari inapungua, Aprili hakuna kabisa. Kuna mteja mmoja alikuwa kibarua wa kupakua mizigo, kila jioni anachukua unga kilo mbili na mafuta ya ishirini. Tarehe za Aprili ni unga kilo moja. Mei ni nusu. Halafu kuna siku nimeandika chumvi na kiberiti, basi. Baada ya hapo jina lake halionekani tena, na hakuwa amehama maana nlikuwa namuona akipita ng'ambo ya barabara, ameinamisha kichwa, alikuwa ananionea haya.

Najua ugonjwa wenyewe uliua, mtaani kwetu tulizika watu wazima wawili mwaka ule na mmoja alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta. Sisemi hilo ni dogo. Lakini barabara za kutoka Mombasa zilifunguliwa Julai 2020, kafyu ikaondolewa 20 Oktoba 2021, wageni wamerudi Diani, feri asubuhi hakuna pa kukanyaga. Mbona mauzo yangu hayajawahi kurudi pale yalipokuwa 2019? Nilikopesha watu jumla elfu arobaini na kitu, zilizorudi hazifiki elfu kumi na tano, na muuza jumla yeye alikuwa anataka pesa taslimu, kwa hiyo nami nikapunguza bidhaa, na duka likiwa tupu mteja akija mara mbili akakosa haji tena. Je ni mimi tu ama hata kwenu ni hivyo, na ni kitu gani hasa kilichovunjika ambacho hakijaungika mpaka leo?

Weita_Ukunda

Kaka sio wewe peke yako. Mimi nilikuwa weita hoteli moja hapa Diani miaka tisa. Sisi watu wa mahoteli tuna hesabu yetu ya mwaka, hai sizoni unaweka akiba, Aprili mpaka Juni ni loo sizoni, hoteli zingine zinafunga zingine zinapunguza watu, unakula ile akiba yako taratibu, Julai unarudi kazini. Sasa corona ilitukuta Machi, akiba ya miezi mitatu ndio imekamilika, na ile loo sizoni haikuisha. Ndege za kimataifa zilisimamishwa tarehe 25 Machi, sisi tukaitwa wote nyuma ya jikoni tukapewa barua, likizo bila malipo mpaka hapo mtakapoitwa. Nilikaa nyumbani miezi kumi na tatu. Ndege zilirudi tarehe 1 Agosti lakini zilirudi bila watu maana huko Ulaya nako kwao kulikuwa kumefungwa, 2019 wageni walioingia Kenya walipita milioni 2, 2020 hawakufika laki 6, sasa hiyo tofauti yote ni watu kama mimi waliokaa nyumbani wakitazamana na watoto.

Na mimi sikuwa nalala njaa peke yangu, hilo watu huwa hawalioni. Nikipata tipu jioni nanunua samaki wa kukaanga kwa mama pale steji, napanda tuktuk, Jumamosi nanyolewa, mwisho wa mwezi fundi cherehani ananishonea watoto. Nilipokosa mimi wakakosa wote hao wanne, na hakuna aliyewapa barua ya likizo.

Mwezi wa sita niliuza pikipiki. Ilikuwa yangu, niliilipa miaka miwili, usiku ilikuwa inaniingizia mia tano mpaka mia nane, nikaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unauza na hakuna mnunuzi. Nliporudishwa kazini 2021 haikuwa ajira tena, ni kuitwa, wageni wakiwa wengi unapigiwa simu wakipungua unakaa. Kazi kweli ilirudi ila mshahara haukurudi nayo. Ndio maana hata mimi sai naingia dukani nanunua sukari robo na zamani nilikuwa nabeba kilo mbili bila kuuliza bei.

Changamwe_Original

Samahanini nitasema tofauti kidogo na sitaki kumuudhi mtu. Tusiibebeshe corona kila kitu. Kibarua huyo wa kupakua mizigo mwenye duka anayemsema, mimi namjua wa aina hiyo maana Changamwe na Miritini ndiyo kazi yetu. Mombasa ilianza kuyumba kabla. 2019 ilipotoka amri kwamba makontena yapande SGR, ile reli mpya, yakatolewe ushuru Nairobi, malori yalisimama, madereva wakarudi makwao, magereji yakafunga, mama wa chakula wa kando ya barabara akakosa wa kumpikia. Watu waliandamana mjini kila Jumatatu kwa sababu ya hilo mwaka ule ule. Sasa corona ilipofika Machi 2020 ilikuta mtu tayari amepigwa. Halafu tulipoanza kuvuta pumzi 2022 vita vya Ukraine vikaja, mafuta juu, ngano juu, ukame nao huku kwetu, pakiti ya unga wa sima kilo mbili ikapita mia mbili. Kwa hiyo ukiniuliza mimi corona ilikuwa ngumi ya katikati. Ya kwanza tulishapigwa na ya tatu ilikuwa njiani.

MwenyeDuka_Likoni

@Changamwe_Original hujaniudhi hata kidogo, na huyo kibarua kweli kazi yake ilikuwa Changamwe. Lakini nikuulize, 2019 alikuwa amepungukiwa ndiyo, mbona daftari linaonyesha alikuwa analipa? Alichelewa siku tatu nne lakini akalipa. Tofauti ninayoiona mimi 2019 mtu alikosa akahangaika pengine, 2020 hapakuwa na pengine. Kafyu saa moja jioni, ile siku ya kwanza tarehe 27 Machi nilikuwa feri mimi mwenyewe natoka kununua vitu mjini, watu walikuwa maelfu wanakimbizana na saa, gesi ya machozi ikapigwa tukalala chini, mfuko wangu wa viberiti ukakanyagwa wote. Hata aliyetaka kuhangaika saa moja anatakiwa awe ndani, na biashara ya mtaani kwetu ni ya jioni, mahamri, viazi, mishikaki, kahawa, yote hayo huanza jua likishuka.

MamaShughuli_MjiWaKale

Mwanangu mwenye duka swali lako limenigusa, mimi sio mwandishi sana lakini wacha nieleze.

Mimi ni mpishi wa shughuli, harusi, hitima, maulidi, wakinihitaji naenda na vijana wangu wanne na masufuria yangu. Nilikuwa na masufuria saba makubwa, lile kubwa kabisa lapika pilau kilo hamsini za mchele, nililinunua la kwanza 1998 kwa pesa ya mchezo wa akina mama, yaani upatu, hayo mengine moja moja kila nikipata. Siku zisizo na harusi na hasa mwezi wa Ramadhani napika viazi karai na kaimati barazani kwangu, vijana wanapanga foleni kutoka alasiri, ukwaju nautengeneza mimi mwenyewe.

2020 harusi zilisimama zote, ukaja mwezi wa Ramadhani, sisi tukasema alhamdulillah angalau futari zitauzika. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka, ni sisi na Eastleigh ya Nairobi, mpaka mwanzo wa Juni. Idd yote ilipita tumefungiwa. Nilikuwa nimeshanunua gunia la viazi na unga na mafuta madebe mawili kwa ajili ya kumi la mwisho. Viazi vilichipuka ndani ya nyumba. Nikavigawa kwa majirani kabla havijaoza vyote, nao walikuwa na shida kuliko mimi.

Halafu nikaanza kuuza masufuria. La kwanza nililia, wallahi. Hayakununuliwa na wapishi maana wapishi wote tulikuwa tunauza, yalinunuliwa na wale wa vyuma chakavu, wakayapima kwa kilo kama bati bovu. Kufikia Disemba nilibaki na mawili. Vijana wangu wawili wakaenda zao, mmoja anasukuma mkokoteni wa maji na mwengine sijui alipo.

Sasa ndiyo jibu langu kwako. Ukila faida, kesho utatafuta nyingine. Sisi mwaka ule tulikula mtaji. Pikipiki ya kijana wa Ukunda ni mtaji, masufuria yangu ni mtaji, bidhaa zako ulizokopesha watu ni mtaji wako ulioliwa na mtaa mzima na sikulaumu kwa kuwapa. Harusi zilipofunguliwa watu walikuja kunitafuta, nikawaambia sina vyombo. Kazi ipo, mimi sina cha kuifanyia. Serikali ikisema fungueni nani atanirudishia masufuria matano?

Na kitu kingine ambacho sijaona mkikisema. Shemeji yangu alifariki mwaka ule ule, si kwa corona, ni sukari. Sheria ilikuwa watu kumi na tano mazikoni. Mtu aliyezika watu maisha yake yote akazikwa na watu kumi na tano. Dada yangu hakupata ule mkono wa pole unaotolewa na watu wakija matanga, na kwetu matanga ndiyo bima ya masikini, pesa ile ndiyo inamvusha mjane eda yake. Na mchezo wetu wa akina mama nao ukavunjika zamu yangu ikiwa ya tisa, wanane walishapokea hawana cha kurudisha, tukaacha kusalimiana. Mpaka leo kuna mwenzangu mmoja tukikutana sokoni kila mmoja anageuza uso. Hiyo nayo hesabu yake ni ngapi?

Mwalimu_Mtwapa

Mama pole sana, nimesoma mara mbili.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya binafsi, hizi ndogo ndogo za mtaani sio zile za matajiri. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Wenzetu walioajiriwa na TSC, tume ya walimu wa serikali, mshahara uliendelea, haki yao na siwaonei wivu, sisi mshahara ni karo ya mzazi na mzazi ndiye huyo weita na huyo mama mpishi. Aprili tulipewa nusu, Mei hakuna. Nikauza mayai ya kuchemsha na kachumbari kwenye kona niliyokuwa nikiwasahihishia watoto madaftari, wanafunzi wangu walikuwa wanapita wanasema shikamoo mwalimu, naitikia nikimenya yai.

Ila ninachotaka kuongeza ni hiki. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, wengine wote wakarudi 4 Januari 2021. Ili kufidia mwaka uliopotea mihula ikabanwa, mwaka 2021 peke yake watoto walisoma mihula minne. Mzazi aliyekula mtaji wote 2020, mwaka unaofuata anadaiwa karo mara nne na likizo ni fupi, hapati hata nafasi ya kutafuta. Kalenda ilirudi kawaida Januari 2023. Kwa hiyo @MwenyeDuka_Likoni ukitaka kujua wateja wako walikuwa wapi 2021 na 2022 wakati wewe unasubiri warudi, walikuwa kwenye foleni ya ofisi ya shule na noti mkononi wakiomba mtoto aruhusiwe kuingia darasani.

Na wapo wasiorudi kabisa. Darasani kwangu nilikuwa na watoto 31, Januari walirudi 22. Wawili walihamia shule ya serikali, hilo sawa. Mvulana mmoja, kichwa kizuri sana cha hesabu, nilimkuta steji ya boda ana miaka kumi na tano anaendesha, nikamuuliza baba utarudi lini akaniambia mwalimu sai mimi ndiye nalipa kodi ya nyumba. Sikuwa na jibu. Nipo nampita kila wiki, sai ana mke.

BodaKongowea

ni kweli mwalimu, sisi tulijazana, steji yetu ilikuwa na pikipiki 14 kabla ya corona mwisho wa 2020 zilikuwa 40 na abiria ni wale wale, na sheria abiria mmoja tu. matatu nayo ya watu 14 ikabeba wanane nauli ikapanda mara mbili, zilipoanza kujaza tena hiyo nauli haikushuka yote. kitu kimoja kizuri kilichobaki ni kulipa kwa simu, ada ya kutuma chini ya elfu moja iliondolewa tangu Machi mpaka mwisho wa 2020, wateja wakazoea, sai mtu analipa ata hamsini kwa simu.

Dereva_Tanga

Wakuu salaam, mimi mdogo wenu niko upande wa pili wa mpaka, Tanga, naendesha semi. Nimefuatilia huu uzi kwa sababu ndugu zetu wengi wa Kenya huwa wanadhani sisi tulipona kwa sababu hatukufungiwa ndani. Ni kweli masoko yaliendelea, machinga na mama ntilie waliendelea kufanya kazi, shule zilifungwa Machi zikafunguliwa zote mwishoni mwa Juni 2020, uchumi kwa hesabu za serikali ulikua asilimia 4.8 mwaka huo wakati wa Kenya ulirudi nyuma kwa 0.3. Kwa upande wa kula mtaji nakubali kabisa mama lishe wa Tanga alibaki na sufuria zake.

Lakini nako kulikuwa na bei yake. Takwimu za wagonjwa zilisimama kufikia Mei 2020 zikiwa 509, baada ya hapo mtu anaugua kifua mnafukiza nyungu nyumbani mnaomba Mungu, akifa mnasema nimonia, na familia haijui ijilinde na nini. Mjomba wangu tulimpoteza Februari 2021 hivyo hivyo, siku sita tu. Fundi seremala mwenye vijana watano chini yake. Karakana ilifungwa, ile ndiyo hasara ambayo haiko kwenye asilimia yoyote. Arusha na Zanzibar nako watalii walikatika tu, maana mtalii haji kwa sababu wewe hujafunga, anakuja kwao kukiwa kumefunguliwa.

Na sisi madereva, Mungu ndiye anajua. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka, mizigo tu ndiyo inapita na lazima dereva awe amepimwa hana. Horohoro tulilala kwenye foleni siku nne nikisubiri jibu, nimebeba vitunguu, vinaanza kutoa maji chini ya turubai, nasikia harufu na siwezi kufanya kitu. Kibaya zaidi tulionekana sisi ndio ugonjwa. Mama aliyekuwa anatuuzia chai miaka yote alikuwa anaiweka sahani chini kwenye mchanga anarudi nyuma ndipo tunaichukua. Simlaumu, alikuwa na wajukuu. Lakini mpaka leo nikipita pale nakula sehemu nyingine.

Weita_Ukunda

@Dereva_Tanga pole kwa mjomba ndugu yangu. Hiyo ya karakana imenifanya nifikirie, hata hapa wapo waliokufa ambao ndio walikuwa kichwa cha kazi na tunawahesabu kama mgonjwa mmoja tu.

Changamwe_Original

Nimewasoma wote na nakubali nilikuwa nimeliangalia jambo upande mmoja. SGR ilichukua kazi, bei zikachukua mfuko, lakini mtu mwenye vyombo vyake angepambana nazo zote mbili. Hilo la mama la mtaji ndilo nilikuwa silioni. Kuna kitu kimoja lakini, 2020 serikali ilipunguza kodi ya mishahara na VAT, ile kodi ya bidhaa, ikatoka asilimia 16 ikawa 14 mpaka Disemba. Mwenye pesilipu alipata afueni. Kibarua wa siku hana pesilipu, na mtu anayekosa pesa ya unga huwezi kumsaidia kwa kumpunguzia kodi ambayo hajafika kuilipa. Kama pesa ile ingekwenda moja kwa moja kwa watu wa vyombo, hata elfu tano tano kwa mwezi kwenye simu, masufuria yale yasingeuzwa chuma chakavu. Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua vya usafi, ilisaidia vijana wachache wa mitaa, ilikuwa vizuri, ila mpishi wa miaka sitini hafyeki majani.

MwenyeDuka_Likoni

Nashukuru sana wote, nimepata nilichokuwa nakitafuta. Mimi nilikuwa nasubiri wateja warudi, kumbe wamerudi kitambo ila wamerudi mikono mitupu. Mama nakuomba uniambie, huo mchezo wenu mlifufua ama uliishia pale pale? Maana hapa Likoni tulikuwa na chama cha wenye maduka kumi na wawili, tukinunua unga kwa pamoja bei ya kiwandani, kilikufa Juni 2020 na kila nikitaja kukirudisha watu wanakumbuka nani alikimbia na pesa ya nani.

MamaShughuli_MjiWaKale

Tulifufua mwanangu lakini tulianza na watu watano tu, wale ambao hawakudaiana. Shilingi hamsini kwa siku, na mwaka wa kwanza hatukupeana pesa mkononi, zamu ikifika tunakwenda sote watano dukani kumnunulia mwenye zamu chombo chake cha kazi, cherehani, jiko, mzani, chochote, kisha tunarudi. Mimi zamu yangu nilinunuliwa sufuria, si lile la kilo hamsini, ni la kilo ishirini. Sai ninayo manne. Yule mwenzangu tunayegeuziana uso nimeambiwa anataka kuingia, Ijumaa baada ya swala tutakaa tulizungumze. Wewe hao wenzako kumi na wawili, ni wangapi hawakudaiana?

MwenyeDuka_Likoni

Nimehesabu sasa hivi mama. Ni wanne, na mimi wa tano.